Gari la Watu Wawili

Tangazo la kwanza aliniletea likiwa limeandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya kalenda, kwa ule mwandiko wa watu waliochapwa shuleni mpaka herufi zao zikanyooka. Lilisema: "Linauzwa gari la spoti kutoka Uingereza. Viti viwili. Injini haijachoka. Wanunuzi wasio na nia wasijisumbue." Nikalichapa, nikaliweka mtandaoni, na nakala moja nikaibandika nje ya mlango wangu. Wanunuzi wasio na nia hawakujisumbua. Wenye nia pia hawakujisumbua.

Mimi nina kibanda cha kompyuta Shauri Moyo, kando ya njia ya watu wanaokwenda soko la Gikomba kwa miguu. Watu hukiita saiba. Hapo ninaandikia watu barua za kuomba kazi, hotuba za mazishi, na matangazo ya vyumba vya kupanga. Kwa miaka tisa niliandika pia matangazo ya gari lile, na kila mara mwenyewe aliyasoma kwenye skrini mara mbili, kidole kikifuata maneno, kisha akaniambia nirudishe nukta niliyoisahau. Jina lake nililijua, lakini sikuwahi kulitumia, wala sikumsikia mtu mwingine mtaani akilitumia. Tulimwita Stoakipa, yaani mtunza stoo.

Kazi hiyo alikuwa ameiacha kabla sijahamia mtaani. Koti la kazi hakuliacha. Lilikuwa la kaki, lenye mifuko minne, na kwenye mfuko wa kifuani palikaa penseli mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya akiba. Ukienda kumwomba msumari alikuuliza wa inchi ngapi, wa kazi gani, na unaupigilia kwenye mbao ya aina gani. Ukishajibu yote alifikiri kidogo, kisha akasema, "Hatuna, lakini uko njiani." Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa karibu kila jambo. Mkewe, Mama Auma, alinisimulia kwamba siku aliposhikwa na uchungu wa kumzaa Auma, alimtuma mumewe akatafute teksi. Baada ya nusu saa mumewe akarudi mikono mitupu akamwambia hakuna, lakini iko njiani. Auma alizaliwa kwa jirani.

Gari lenyewe lilikaa ubavuni mwa nyumba yao, chini ya turubai. Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji, na hata nikilitaja hutalijua, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mtu akisikia gari la Kijapani anajua fundi yuko wapi, kipuri kiko wapi, na shemeji yake alilinunua lini. Akisikia jina la gari la Stoakipa alidhani ni dawa ya kikohozi. Lilikuwa fupi, pana, la kijani kilichokoza. Stoakipa alisema hicho ni kijani cha mashindano. Majirani walisema ni kijani cha ukuta wa shule. Paa lake lilikuwa la kitambaa, na lilikaa chini kiasi kwamba kuingia ndani ilikuwa kama kukaa kwenye kigoda na kutoka ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja ndani na mmoja wa kumvuta. Jambo moja tu lililopatana na Kenya kwenye gari lile ni kwamba usukani ulikuwa upande wa kulia.

Alilipataje? Kampuni aliyokuwa anafanyia kazi, huko Eneo la Viwanda, ilikuwa inauza magari kutoka nje. Ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja achague kitu kilichobaki aende nacho nyumbani. Mmoja alichukua jenereta. Mwingine alichukua meza ya meneja na kiti chake, na mpaka leo ana duka la kinyozi mtaa wa Huruma ambapo wateja hukalia kiti hicho. Mama Auma alikuwa amemwagiza mumewe friji ya jikoni la ofisi. Alikuwa ameshaipangia pembe, ameshaifumia kitambaa cha kuiwekea juu. Saa tisa mchana akasikia lori linanguruma nje, akatoka akitabasamu.

"Nikaona mkia wa kijani," aliniambia. "Nikamwuliza, Baba Auma, friji iko ndani ya hicho?"

Kitambaa alikiweka juu ya redio.

Wanunuzi walikuwa wanakuja, usidhani hawakuja. Kasisi mmoja wa kanisa dogo la Huruma alikuja na mkewe, akalizunguka mara tatu, akauliza watoto watakaa wapi. Stoakipa akamwambia gari hili halikukusudiwa watoto. Kasisi akauliza basi lilikusudiwa nani. Stoakipa akasema, "Dereva." Mchinjaji wa Gikomba alifungua buti, akapima kwa mikono, akasema mbuzi mmoja ataingia ikiwa hana pembe. Kijana wa Dandora, mwanamuziki, alipoliona alishika kichwa.

"Buda, hii ni moto! Nipe siku moja tu, nishutie video, nikurudishie."

"Haliazimwi."

"Sasa mzee, si inakaa tu hapo?"

"Linakaa kwa sababu linauzwa," Stoakipa akajibu, akalifunika turubai.

Kila Jumamosi asubuhi alilifunua. Alilipangusa kwa kitambaa cha sufu, akafungua mlango, akajishusha ndani, akawasha injini. Sauti yake ilikuwa nzito na ya karibu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea mbele ya wakwe. Akaiacha ikaunguruma dakika kumi, macho yakiwa kwenye mishale ya dashibodi, kisha akaizima, akajivuta nje, akafunika. Sisi majirani tulikuwa tumeizoea sauti hiyo na tuliipangia mambo yetu. Mama mmoja alikuwa anatoa maandazi jikoni injini inapozimwa.

Mtu pekee aliyelijua jina la gari kabla ya kuambiwa alikuwa Bi Nekesa. Alikuwa mhandisi wa barabara, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anakaa Buruburu, na alikuwa amesoma moja ya matangazo yangu. Alifika Jumamosi moja akiwa amevaa suruali ya kazi, akalala chini kabisa kwenye vumbi, akachungulia tumbo la gari kwa tochi. Stoakipa alikuwa hajawahi kuona mnunuzi anayejichafua. Alichuchumaa kando yake akaanza kumtajia namba za vipuri, moja baada ya nyingine, kwa kichwa, na yule mama akawa anaitikia kutoka chini ya gari. Mimi nilikuwa nimekuja kutazama. Nikajua leo limeondoka.

Bi Nekesa akainuka, akajipangusa. "Ninalipenda. Nipe ufunguo tufike barabara ya Jogoo, turudi."

Stoakipa akatazama chini. "Barabara hii ina mashimo, mama."

"Mashimo nayajua. Mimi ndiye ninayeyaziba."

"Halijazoea."

"Basi endesha wewe mwenyewe, mimi nikae tu."

Stoakipa alitoa penseli mfukoni, akaitazama, akairudisha. Mama Auma alikuwa kwenye kamba anaanika nguo, na bila kugeuka akasema, "Hajui kuendesha."

Nilikuwa nimeishi naye mtaa mmoja miaka mingi, nimemwona ndani ya gari lile kila Jumamosi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini halijawahi kusogea. Nadhani wote tulifikiri analitunza. Kumbe mtu aliyejua kila skrubu ya gari lile hakuwahi kulisogeza hata hatua moja, na wengine waliojua kuendesha hakutaka walisogeze kabla yake.

Bi Nekesa hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Alimtazama kwa upole akamwuliza, "Mzee, unauza gari au unalionyesha?"

"Analionyesha," akasema Mama Auma. "Miaka yote hii, analionyesha."

Mhandisi akaaga, akaenda. Stoakipa alikaa nusu mwaka bila kuniletea tangazo. Siku aliporudi nalo, halikuwa tofauti na la kwanza, ila aliongeza, "Majaribio ya kuendesha hayaruhusiwi," na mimi nikaandika kama nilivyoambiwa, kwa sababu mteja ni mteja.

Nisimfanye kuwa mtu wa kuchekwa tu. Mume wangu alipofariki, Stoakipa ndiye aliyesimama mlangoni mwangu siku tatu, koti lake mwilini, akipokea kila sufuria na kila kiti cha kuazima, na baada ya mazishi kila kitu kilirudi kwa mwenyewe, hata vijiko. Hakuniambia neno lolote la kunifariji. Alinionyesha tu orodha na kusema, "Hakuna kilichopotea." Nilikuwa nimepoteza mume, lakini maneno hayo yalinisaidia kuliko ya kasisi. Kwa hiyo mtaani walipokuwa wanamcheka mimi nilicheka pia, lakini nilicheka kidogo.

Kisha ikaja barua. Nyumba zetu za zamani zitabomolewa, zijengwe gorofa, na kila mtu atafute pa kukaa kwa muda. Wengine walilia, wengine walisherehekea, na wengi walifanya yote mawili siku moja. Auma aliwapatia wazazi wake vyumba viwili Dandora, kwenye kiwanja chenye wapangaji wengi na bomba moja. Mahali pa gari hapakuwepo. Mahali pa kusimamisha baiskeli penyewe palikuwa pa kuviziana.

Stoakipa alikuja saiba siku ya mvua, mchana, hakuna mteja mwingine. Hakuwa na karatasi mkononi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, maji yakimtiririka kwenye koti.

"Mama Shiro," akasema, "wewe umeandika matangazo haya yote. Kwa nini halinunuliwi?"

"Uchumi, mzee."

"Uchumi si jibu. Nimekuuliza wewe. Ungekuwa na uwezo, ungelinunua?"

Nikafikiri kumdanganya, kisha nikaona mvua inavyonyesha na turubai lake lilivyochakaa, nikamwambia. Nikamwambia mtu wa huku akinunua gari ananunua la watu wote anaowajua: mama akiugua atabebwa nalo, viazi kutoka shambani vitabebwa nalo, bibi harusi wa ukoo atapelekwa nalo. Gari la watu wawili linakulazimisha uchague nani abaki. Nikamwambia likigonga tuta moja tu la mtaani tumbo litabaki pale. Nikamwambia likivunjika taa, taa itatoka wapi? Na yule mwenye pesa za kujifurahisha, asiye na viazi wala mama mgonjwa, huyo anataka gari ambalo jirani akilitazama atajua bei yake. Hili jirani atauliza ni la nani na limeharibika lini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hata kwao halikununuliwa."

"Kwao wapi?"

"Uingereza. Alikuja Mwingereza mmoja wa kiwandani kutufundisha mambo ya vipuri. Aliniambia wako mafundi wachache, kila mmoja analipenda, wanalitengeneza kwa mikono. Nikamwuliza, na wanunuzi wanasemaje? Akasema hawajawauliza." Akatikisa kichwa. "Mwenye pesa kwao alikuwa ananunua la Kijerumani lenye jina. Asiye nazo alilitazama dirishani. Kiwanda kikafungwa kabla ya kampuni yetu kufungwa."

"Sasa nyinyi mliyaagiza ya nini?"

Hapo akageukia mlango. Mvua ilikuwa inagonga mabati, na nilidhani hakusikia.

"Mkurugenzi aliniita mimi," akasema. "Hakumwuliza meneja wa mauzo. Alisema, Stoakipa, wewe ndiye unayejua. Tukiagiza haya, vipuri vitapatikana? Nikasema vitapatikana."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeliona kwenye katalogi." Akasugua magoti yake. "Nilikuwa nimeliona tu, Mama Shiro. Nikataka liwepo hapa. Nilitaka nifungue mlango wa stoo asubuhi nilione. Yakaletwa matatu. Mawili yalirudishwa kwa meli. La tatu alinunua wakili, akavunja kioo cha pembeni. Nikaagiza kioo. Kilikuja baada ya miezi kumi na moja, cha upande mwingine. Wakili akalirudisha gari hili kwa kelele nyingi, wateja wengine wakasikia."

"Magari matatu hayawezi kufunga kampuni nzima, mzee."

"Najua. Kampuni ilikuwa na matatizo mengine. Lakini yale matatu yalikuwa yangu." Alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mama Auma anadhani nililichagua kwa sababu nililitaka kuliko friji. Siku ile watu walikuwa wanabeba viti, wanalipita, wanalicheka. Wanaume waliopoteza kazi. Sikuweza kuliacha pale wakilicheka na mimi nikitoka na friji."

Nikawasha kompyuta. "Hebu mara hii niandike mimi," nikamwambia.

Nikaandika: "Linauzwa gari la watu wawili. Liko chini sana. Vipuri havipatikani. Mvua ikinyesha linavuja. Mwenyewe hajui kuendesha. Ni zuri."

Akasoma mara mbili kwa kidole. Nilitegemea akasirike. Aliniwekea kidole kwenye sentensi moja tu.

"Halivuji," akasema. "Linapitisha unyevu."

Nikabadilisha.

Simu yake haikuwahi kulia kama ilivyolia wiki ile. Wengi walipiga ili wacheke, na wengine walipiga kuuliza kama ni kweli kuna mtu anayeuza hivyo. Siku ya nne alipiga mwanamke anayeitwa Bi Muthoni, mwenye studio ya picha Dandora. Hakuuliza injini, hakuuliza mafuta. Aliuliza, "Linang'aa?"

"Nikilipangusa, linang'aa," Stoakipa akasema.

Alikuja na lori na vijana sita wa kulibeba. Hakuomba kuliendesha. Alitaka la kupigia picha, liwekwe ndani, watu wakae. Studioni alikuwa anatumia kiti cha sofa na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, na wateja walikuwa wamechoka na maji. Stoakipa hakumhoji, hakumtajia namba yoyote. Alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Lori lilipoondoka, ubavuni mwa nyumba palibaki mraba wa udongo mkavu. Mama Auma alikuwa amepasubiri mahali hapo kwa miaka, na nilimwona akija na karai lake la nguo, akaliweka katikati. Akasimama. Kisha akaliinua, akalirudisha lilipokuwa. Mwezi uliofuata wakahama.

Stoakipa nilimwona tena mwaka huu. Binti yangu Shiro alimaliza chuo, akataka picha na joho lake, na rafiki zake wakamwambia Dandora kuna studio yenye gari. Tukaenda Jumapili baada ya kanisa. Foleni ilitoka mpaka barabarani. Ndani, juu ya vigae vyeupe, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa matofali, gari lile la kijani liling'aa kuliko nilivyowahi kuliona Shauri Moyo, na pembeni yake amesimama Stoakipa, amekonda, koti lake la kaki mwilini.

"Mama Shiro!" akasema, akanishika mkono muda mrefu. Mama Auma alikuwa mzima, goti tu linamsumbua. Bi Muthoni hakuwa amemwajiri. Mzee alikuja siku moja kulipangusa, akaja ya pili, na hakuna aliyemwambia aache. Sasa yeye ndiye anayeingiza watu na kuwatoa.

Nikawatazama wateja. Kijana na mkewe waliingia na mtoto mchanga, wakamweka mtoto juu ya magoti. Wakafuata bibi mmoja wa miaka themanini hivi na mjukuu wake, na bibi huyo alikataa katakata kukaa upande wa abiria.

"Unaona?" Stoakipa akaninong'oneza. "Kila mtu akikaa, mkono wa kwanza unakwenda kwenye usukani. Kila mtu. Hata wasiojua kuendesha. Nilidhani hawalipendi, kumbe walilipenda. Hawakulihitaji tu."

"Na wewe, haikuumi kuliona limesimama kwenye matofali?"

Akafikiri kwa dhati, kana kwamba nimemwomba msumari. "Linaumia kidogo asubuhi," akasema. "Wakishaanza kuingia linaacha." Sikujua kama anasema juu ya gari au juu yake mwenyewe, na nadhani hata yeye hakujua.

Zamu yetu ikafika. Shiro akapigwa picha peke yake, kisha akanivuta. "Mama, ingia na wewe." Nikasema mimi nina mwili, sitatoka humo. Stoakipa akafungua mlango wa abiria, akanipa mkono, nikashuka, nikashuka tena, mpaka nikafika kwenye kiti. Kilikuwa laini kuliko nilivyofikiri. Kilinuka ngozi na sabuni. Binti yangu alikuwa kando yangu na joho lake, ameshika usukani, anacheka, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa mtu anayeona kitu kwenye katalogi akasema ndiyo bila kufikiria vioo.

Stoakipa akasukuma mlango wangu. Haukushika. Akaufungua, akausukuma tena, ukarudi. Bi Muthoni akasubiri na kamera yake. Safari ya tatu akauinua kidogo kwa bega, ukafunga.

"Samahani," akasema, akiinama dirishani, na kwa miaka yote niliyomjua hii ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema hivyo juu ya gari lile, tena huku anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. "Mlango huu ni mbovu. Ulitoka hivyo kiwandani. Nilijua tangu siku ya kwanza."